Kificho cha kuhama kwenye majaruba yaliyofurika: dalili, chanzo na dawa yake

Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kuwakaribia bata wa mwituni kwa kamera, au kuwahesabu kwa darubini, kwenye mashamba ya mpunga ya mashariki mwa Uganda: Doho kule Butaleja inayonyweshwa na mto Manafwa, Kibimba kule Bugiri, na yale majaruba madogo madogo yaliyotapakaa kwenye mabonde ya Tororo na Busia. Kificho chenyewe ni kibanda cha mtu mmoja kinachosukumwa au kuburutwa juu ya maji na tope. Marekani kitu cha namna hii hujengwa na wawindaji wa bata. Kwetu hapa kuua au kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, kwa hiyo yote ninayoyaeleza yanamhusu mwenye lenzi, si mwenye bunduki. Ujenzi hata hivyo ni uleule, na usumbufu wake ni uleule.

Sielezi namna ya kujenga kuanzia mti wa kwanza. Nachukulia kwamba kificho unacho na kinakutesa. Nitaanzia chini, kwenye maji na tope, ndipo nipande juu kwenye nyasi na mapazia. Wengi hufanya kinyume: bata wakiruka, mtu anaongeza nyasi. Nyasi zinaongeza uzito, uzito unakididimiza kificho kwenye tope, kificho kikikwama kinasukumwa kwa kishindo, na bata wanaruka tena. Kesho yake anaongeza nyasi.

## Pima maji kwanza

Chukua fimbo ndefu, itie alama kila baada ya sentimita tano, kisha tembea nayo pale unapokusudia kukaa. Pima mara mbili: kina cha maji mpaka kwenye tope, halafu kina cha tope mpaka fimbo igome. Jaruba lenye mpunga uliopandikizwa kwa kawaida huwa na maji ya sentimita 5 hadi 15 tu, lakini tope lake, hasa likishavurugwa na ng'ombe wa kulimia, laweza kuumeza mguu hadi muundi. Mfereji mkuu ulio hatua chache kutoka hapo waweza kuwa na maji ya kiunoni, na chini yake ardhi ni ngumu. Hali hizo mbili hazitaki kificho kimoja. Malalamiko mengi mzizi wake uko hapo: mtu kajenga cha kuelea, akakipeleka mahali pasipoeleka.

Na jaruba lenye mpunga uliosimama liache kabisa. Hakuna picha inayolingana na jasho la mama aliyeinama siku nzima akipandikiza. Pa kufanyia kazi ni jaruba lililovunwa likafunguliwa maji upya, au lililovurugwa likisubiri miche. Ndiko bata wanakopenda pia, kwa sababu punje zilizopukutika, mbegu za magugu na wadudu viko wazi juu ya tope.

## Kificho hakielei, kinakalia tope

Jerikeni ya lita 20 iliyozibwa vizuri hubeba takriban kilo 19 kabla ya kuzama yote, ukiondoa uzito wake wenyewe. Hesabu ya watu huishia hapo: mimi kilo 70, fremu kilo 25, basi jerikeni sita zinatosha. Kwenye maji ya kina, kweli zinatosha, ingawa mimi ningeweka nane ili kificho kisizame hadi shingoni kila unapojigeuza.

Jaruba lina swali lake tofauti: kificho kitazama kiasi gani kabla ya kuanza kuelea? Jerikeni ikilazwa kwa ubavu inagusa maji kwa eneo la kama sentimita 37 kwa 29. Jerikeni nane hazifikishi mita mraba moja. Ni kama 0.86. Mzigo wote ukiwa kilo 100, ni lazima lita 100 za maji zisukumwe kando, na kwa eneo hilo jerikeni zitazama karibu sentimita 12. Maji yakiwa sentimita kumi, umeshakaa chini. Unachosukuma sasa ni jerikeni nane zilizojichimbia kwenye tope, kila moja na shimo lake.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kutawanya uzito kwenye eneo kubwa. Sanduku bapa la plaiwudi lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, kuta za kimo cha shubiri moja, viungo vikizibwa kwa lami kama mtumbwi, litazama sentimita 5 tu hata mzigo wote ukifika kilo 140. Linaelea vizuri ajabu. Ubaya wake ni kwamba haliingii juu ya boda boda, na plaiwudi ya bei rahisi huanza kufumuka tabaka baada ya kulowa mara kadhaa.

Ya pili ni kukubali kwamba hutaelea. Ondoa jerikeni, weka nyayo mbili za mbao chini ya fremu, kila moja mita 2 kwa sentimita 20. Hizo mbili zinakupa mita mraba 0.8, kwa hiyo kilo 100 zinalikandamiza tope kwa kiasi cha kilo 125 kwa kila mita mraba. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu yake anakandamiza zaidi ya mara kumi ya hapo, ndiyo maana wewe unazama na kificho kinabaki juu. Kwa majaruba mengi ya kwetu nachagua nyayo bila kusita. Jerikeni ziende mferejini na kwenye kingo za kinamasi, kwenye mafunjo.

## Kinateleza asubuhi, saa tatu hakiondoki

Hilo ni tope kunyonya. Ubao bapa ukilala juu ya tope laini, maji yaliyokuwa katikati yanabanwa yanatoka, na hewa haina pa kuingilia. Ukiuvuta juu moja kwa moja unavutana na tope lote lililo chini yake.

Usivute. Chomeka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, chini ya pua ya unyayo mmoja, inua kidogo, subiri maji yaingie, halafu nenda upande wa pili. Kikishatingishika ndipo usukume mbele. Kama pua za nyayo zako ni bapa, zikate upya zipande juu kwa mbele. Pua bapa inalima, na kila hatua unabeba rundo la tope usilolihitaji. Kificho kinachoachwa usiku kucha hakistahili kulazwa juu ya tope tupu. Jioni tanguliza vipande vitatu vya mwanzi vikilala kukingama chini ya nyayo, na alfajiri kitaondoka bila ugomvi.

Sababu nyingine haipo kwenye kificho kabisa: maji yamefunguliwa yakaenda. Ulikiacha kwenye sentimita kumi, umerudi unakuta uji mzito. Hapo hakuna ujanja wa pondo. Kwenye miradi ya umwagiliaji maji yana zamu, na anayezijua ni mwenye jaruba au mtu wa mfereji. Swali lenyewe ni jepesi: "Mzee, maji haya utayatoa lini?" Liulize kabla ya kupakua mizigo, si baada.

## Jerikeni zinaingia maji ingawa hazijatoboka

Watu huzikagua kwa kuzizamisha kwenye beseni, hawaoni viputo, wanabaki wameduwaa. Chanzo mara nyingi ni saa uliyozifunga. Jerikeni iliyofungwa mchana kwenye jua ina hewa ya moto. Ukiiweka kwenye maji ya alfajiri hewa ile inapoa, inasinyaa, na jerikeni inaanza kuvuta. Kama mpira wa mfuniko umechoka, kinachovutwa ni maji, tone kwa tone, usiku mzima.

Zifunge asubuhi na mapema hewa ikiwa ya baridi. Kata duara la mpira wa tyubu ya baiskeli, liweke ndani ya mfuniko, kaza. Mfuniko uangalie juu au kando, usiwe chini ya maji. Mchana jerikeni zitavimba kidogo. Hilo halina madhara. Jerikeni iliyokuwa na mafuta ya kula ioshwe vizuri, la sivyo utaacha utandu unaong'aa juu ya maji yote yanayokuzunguka.

## Kinaegemea upande mmoja, au kinataka kupinduka

Angalia mambo mawili. Kwanza umekaa wapi. Anayeweka kiti cha plastiki ndani ya kificho kinachoelea amejitakia, kwa sababu uzito wake wote umepanda juu na kificho kinayumba kila anapogeuza shingo. Kaa karibu na sakafu, juu ya gunia lililojazwa mabua, magoti mbele yako. Pili, jerikeni ziko wapi. Zikirundikwa katikati chini ya makalio zitakubeba, ila hazitakuzuia kupinduka. Zisogeze pembeni kabisa, nne kila ubavu. Kificho kilekile, jerikeni zilezile, na kuyumba kunapungua mara moja.

Begi la kamera nalo lina uzito. Liwe nyuma yako katikati, si ubavuni.

## Upepo unakiburuta

Kuta zake ni ndefu mno. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao si wa kutisha, ukipiga ukuta uliozibwa wa mita mraba 1.5 unausukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 11. Ukifika mita 15 kwa sekunde, na upepo unaotangulia mvua za alasiri hufika hapo, nguvu hiyo inazidi maradufu, inakaribia kilo 25. Kificho kinachoelea hakina cha kujishikilia.

Punguza kimo mpaka kichwa chako kinapogusa dari ukiwa umekaa. Laza kuta ziegemee ndani, upepo upande juu yake badala ya kuzigonga. Turubai liondoe, weka mikeka ya mafunjo ile inayouzwa kando ya barabara. Ina upenyo, na upepo unapita. Mwisho, pondo mbili: moja mbele, moja nyuma, zikipita ndani ya vitanzi vya kamba kwenye fremu na kuzama kwenye tope ngumu. Kificho kipande na kushuka na maji lakini kisiende popote. Ukikifunga kwa kamba fupi kwenye mti wa tuta, maji yakipanda usiku utakikuta kimelala kwa ubavu.

## Fremu inalegea au inapasuka

Msumari na mwanzi havipatani. Mwanzi unapasuka kwa urefu, na ufa hauachi kutembea. Funga viungo kwa mikanda ya mpira wa tyubu, ileile wanayofungia mizigo watu wa boda boda: inavutika, haiozi kwa maji, na kificho kinaweza kutingishika bila kuvunjika. Mwanzi uwe uliokomaa. Mwanzi mchanga ni mtamu ukiwa malewa, yale machipukizi ya mwanzi yanayopikwa kwa karanga kule Mbale, lakini ukikauka unasinyaa na vifungo vyote vinalegea. Fito za mkaratusi mbichi nazo hujipinda. Zikaushe kivulini kwanza. Kwa fremu inayopaswa kufunguliwa na kubebwa, tumia bolti zenye nati za masikio, na uzipake grisi.

## Bata

Hapa ndipo penye maneno mengi. Kabla ya kulaumu kificho, jua ni bata gani na ni saa ngapi.

Wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi (*Dendrocygna viduata*), ambao ndio wengi kwenye majaruba, hula zaidi usiku. Mchana husimama kundi zima kwenye tuta au maji machache, wamesinzia. Ukikaa tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa ukilalamika kwamba hawaji kula mbele yako, kificho hakina kosa. Wafuate wanakopumzika mchana, au uwangoje magharibi, saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, wanapoanza kuruka makundi kwa makundi kuelekea malishoni. Bata wenye kinundu juu ya mdomo (*Sarkidiornis melanotos*) na wale wakubwa wenye mwiba kwenye bawa (*Plectropterus gambensis*) unaweza kuwakuta wakichuma asubuhi. Kuanzia Oktoba hadi Machi kuna pia wageni kutoka Ulaya na Asia, bata wadogo (*Spatula querquedula*), na hawa huruka mapema kuliko wenyeji.

Wanaruka unapofika na hawarudi asubuhi nzima. Wamekuona ukiingia. Kificho hakifichi mtu aliyeonekana akiingia ndani yake. Ingia gizani, saa kumi na moja alfajiri uwe umeshakaa. Kama ni lazima kuingia mchana, nenda na mwenzako. Ingieni wawili, kisha yeye atoke peke yake aende zake bila kujificha, akiongea ikibidi. Ndege wengi wakiona mtu ameondoka hutulia. Kutoka nako kuna adabu yake: subiri waondoke wenyewe, au mwenzako aje kukuchukua ili waruke kwa sababu yake, si kwa sababu ya kibanda kilichozaa mtu ghafla. Wakikuona ukichomoza mara moja, kesho watakiogopa kibanda chenyewe.

Wanarudi, lakini wanatua mbali. Kificho ni kipya machoni pao, au umekiweka penye tambarare tupu ambapo kila kilichosimama kinahesabiwa kuwa hatari. Kiache siku mbili tatu bila mtu. Anza mbali, mita 80 au 100, ukisogeze mbele kidogo kidogo kila jioni wakiwa hawapo. Wakiwapo, usogee kwa mtindo wa kutojali: mita moja, simama kwa muda, mita moja tena, kwa kukata pembeni badala ya kuwaelekea moja kwa moja. Kundi zima likiinua shingo, umeshavuka mpaka. Simama hapo hadi shingo zishuke, hata kama miguu imekufa ganzi.

Wanazunguka juu yako, wanakaribia kutua, wanaghairi. Huna paa, au paa lina tundu. Bata anakagua mahali pa kutua akiwa angani, na akiangalia chini anaona uso wa mtu na mikono inayohangaika na lenzi. Funika juu kabisa. Hili ndilo kosa la kwanza kulitafuta kwa yeyote ambaye kificho chake kinaonekana kizuri akikitazama kutoka kwenye tuta. Mwombe mwenzako apande juu ya kichuguu au mti akitazame kwa jicho la bata.

Wametua karibu, lakini kila ukigusa kamera wanashtuka. Kuna mwanga nyuma yako. Tundu la mbele na mlango ulio wazi nyuma vinakufanya kivuli cheusi kinachotembea ndani ya dirisha. Weka kitambaa cheusi nyuma na ubavuni, vaa rangi iliyokoza mikono mirefu, na ufungue tundu moja tu kwa wakati. Lenzi isichomoze nje. Irudi ndani shubiri moja, na mdomo wa tundu uwe na wavu mwembamba wa chandarua kilichotiwa matope. Sauti ya kamera huwasumbua mwanzoni tu, kisha wanaizoea, ila mlio wa simu hawauzoei.

Kificho kinang'aa. Turubai jipya, hasa la samawati, linaonekana kutoka barabara kuu. Lipake uji wa udongo wa palepale jarubani, liache likauke, lipake tena. Nyasi za mpunga ndizo bora za kufunika, kwa kuwa shamba zima ni rangi hiyo. Mafunjo mabichi yanapendeza siku ya kwanza, lakini baada ya siku chache yanageuka kahawia katikati ya majani mabichi, au yanabaki kijani katikati ya mabua makavu. Tazama kilichopo mita kumi kuzunguka na uige hicho. Nyasi ziishie kiganja kimoja juu ya maji. Zikigusa zinayafyonza, na mzigo wako unaongezeka saa kwa saa hadi unarudi kule tulikoanzia, kwenye tope.

Kila baada ya muda mfupi shamba zima linaruka mara moja. Hiyo si kazi yako. Tazama jaruba la jirani: kuna vijana wanaoamia ndege kwa makopo na makombeo, kwa sababu punje za mpunga wao bado ni laini, zina maji meupe kama maziwa. Au kuna tai juu. Tai atapita. Vijana hawatapita mpaka mavuno, na wana haki yao. Hamia upande mwingine wa mradi.

Jambo moja nje ya bata. Ukimkuta korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera, akiwa na kiota kwenye majani ya kinamasi, usisogeze kificho kwake. Tangu 2012 yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Umbali ulionao siku unayomwona ndio wa mwisho. Akisimama mbali akikutazama bila kurudi kwenye mayai, ondoka wewe. Kunguru hangoji.

## Watu wanajaa

Kibanda kinachotembea chenyewe juu ya jaruba ni habari ya kijiji kizima, na kufikia saa mbili asubuhi tuta limejaa watoto. Chanzo ni siri. Mtu anajificha kwa ndege, na bila kujua anajificha pia kwa wenye shamba.

Tena siyo udadisi tu. Kule Bunyala, upande wa Kenya, ndege wa majarubani wamewahi kuuawa kwa sumu ya kilimo na nyama yao kuliwa, na habari za namna hiyo huvuka mpaka upesi. Mgeni anayejibanza kwenye nyasi karibu na bata anafikiriwa mabaya kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mchana kweupe, ukiwa na kamera shingoni. Nenda pia kwa mwenye jaruba. Siku moja kabla, kiweke kificho kwenye uwanja, watoto waingie wote kwa zamu wachungulie kwenye tundu, mpaka wachoke nacho. Kijana anayeamia ndege mchukue kama msaidizi na umlipe. Anajua bata wanatua wapi kuliko darubini yako, na ndiye yule mwenzako wa kuingia nawe na kutoka.

## Mwili wako

Upele na muwasho baada ya kusimama majini huenda ukawa kichocho kinaingia. Konokono wake hukaa kwenye mifereji na maji yanayotulia. Vaa buti ndefu za mpira, na kama kificho chako ni kile cha sakafu wazi unachotembea nacho, buti hazina mjadala. Ukilowa hadi mapajani mara kwa mara, kapimwe kituo cha afya hata kama hujisikii vibaya, maana dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Ngurumo ikisikika, toka. Wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye tambarare ya maji, ukiwa na pondo mbili zilizosimama juu ya kichwa chako. Usingoje mvua ianze, wala usijifiche chini ya mti wa peke yake kwenye tuta. Nenda kwenye nyumba au gari.

## Picha hazina makali ingawa bata alikuwa karibu

Kamera haijaharibika. Jua likishapasha tope na maji machache, hewa ya juu yake inachemka, na lenzi ndefu inapiga picha kupitia mchemko huo. Utaiona ukitazama tuta la mbali: linacheza. Hakuna marekebisho ya lenzi yanayoondoa hilo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na punguza umbali, kwa kuwa hewa iliyo kati yenu ikiwa mita 20 inaharibu kidogo sana kuliko ikiwa mita 80.

Kama picha ni nyeusi upande wa ndege, umekielekeza kificho vibaya. Huku kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza mashariki na kupanda haraka, kwa hiyo asubuhi tundu liangalie magharibi na jioni mashariki. Katikati ya mchana liko utosini na halikusaidii upande wowote. Desemba linaegemea kusini kidogo, Juni kaskazini. Kificho cha nyayo kinageuzwa kwa kuinua pua moja kwa pondo na kusukuma kisigino cha upande wa pili. Kigeuze bata wakiwa wamelala, shubiri kwa shubiri.